Siku Modeli Yangu Ilipomwambia Shangazi Ametia Maji

Aibu nyingine mtu hukaa nayo kimya mpaka ikasahaulika, lakini hii yangu waliiona watu ukumbi mzima pale Gombani, Pemba, tena kwa kipaza sauti, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine walioitia chumvi.

Wakati huo nilikuwa maabara, na kazi niliyopewa ni kutengeneza modeli ya kukisia unyevu wa karafuu bila kuzitia kwenye oveni. Jambo lenyewe si gumu kama jina lake (inaitwa PLS, iacheni hivyo hivyo), unaimulika karafuu kwa taa ya mashine, mwanga unaorudi unakupa mamia ya namba, halafu hesabu inazibana namba zile ziwe mafungu machache, yale yanayopanda na kushuka pamoja na unyevu ulioupima kwa oveni, na ukishaifundisha hivyo, karafuu ngeni ukiimulika tu inakwambia ina maji kiasi gani. Ila karafuu za kufundishia ziwe mbichi na kavu za kila mahali, na hapo ndipo nilipojiponza.

Kavu nilizichukua zote Mgogoni, maana wao walikuwa wameshaanua majamvi ya mchumo wao wa kwanza. Mbichi nikazichukua zote kijiji cha Vitongoji, kwa sababu moja tu, shangazi yangu Bi Raya, aliyenilea tangu mama alipofariki, anakaa huko, walikuwa ndiyo kwanza wanachuma, na siku ya kuchuma kwake hapakosi wali wa nazi na pweza (nikisema nilifuata sayansi nitakuwa muongo). Kisha nikaijaribu modeli kwa karafuu nilizoziweka kando, nazo za vijiji hivyo hivyo viwili, ikapatia karibu zote, na mimi kichwa kikavimba.

Siku ya kuionesha walikuja wakulima na wanunuzi. Nikamwomba Bi Raya awe wa kwanza, nikidhani namheshimu, akaja na buibui jipya na mfuko wa karafuu alizozianika mwenyewe. Nikamulika. Ukutani ikatokea asilimia thelathini na moja, na karafuu kavu haifiki hata nusu ya hapo. Mwenye akili angenyamaza, mimi nikashika kipaza sauti nikaeleza, "Mashine haina jamaa. Unyevu kama huu, mara nyingi karafuu huwa imetiwa maji ili izidi uzito."

Kwetu Pemba, ukimwambia mtu katia maji karafuu umemwita mwizi, na mnunuzi aliyekaa mbele akageuka akamtazama, "Kumbe bibi, ndiyo michezo yenu?"

Bi Raya akasimama. "Mie n'tie maji karafuu? Wanambia hivyo weye, ntoto n'liyekulea?"

"Si mimi, shangazi," nikajibu (kipaza sauti bado kiko mkononi, neno linafika mpaka nje), "ni hesabu."

Akachukua mfuko wake akatoka, na mimi nikaendelea na kazi, hebu fikirieni.

Aliyefuata ni Mzee Faki wa Mgogoni, na zake alizichuma asubuhi hiyo hiyo, za kijani, hata hazijachambuliwa. Nikamulika, ikaandika hasi nne. Nikarudia, hasi tano.

"Yaani," Mzee Faki akauliza kwa upole kabisa, "karafuu zangu zimekauka hata zawadai wenzao maji?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mimi jasho linanitoka, ndipo nikaelewa kuwa modeli haikujifunza unyevu hata kidogo, ilijifunza vijiji. Karafuu ya udongo wa mawe wa Vitongoji hairudishi mwanga sawasawa na ya Mgogoni, nami niliifundisha kuwa ya Vitongoji ni mbichi na ya Mgogoni ni kavu, basi ikashika hilo. Nikayaeleza yote kwenye kipaza sauti, na yule mnunuzi akakiri kwamba amemdhania mama wa watu vibaya, lakini mama wa watu alikuwa ameshaondoka.

Nilikwenda Vitongoji kesho yake kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yamekwisha, n'shasamehe." Akatandika mkeka wa barazani, akaniletea chai kwenye kikombe cha kisahani. Nikainuka kuingia jikoni kuchukua sukari, kama nilivyozoea tangu utoto, akanyoosha mkono akanizuia.

"Kaa hapo hapo, bwana. Mgeni haingii jikoni."

Modeli nimeshaijenga upya, kwa karafuu mbichi na kavu za kila kijiji nilichofika, na inakisia vizuri. Mbele za watu siiwashi tena, hilo nimeapa. Na kwa shangazi naenda kila Ijumaa, nakaa barazani, nakunywa chai yangu, jikoni bado sijaitwa.