Mlinzi Aliyezimwa kwa Muda

Sisi wa mapokezi tulimbandika fundi wa kompyuta wa hospitali yetu jina la Bi Lebo, na lilimkaa. Kwenye seva inayotunza majibu ya maabara aliweka mlinzi, programu inayosoma lebo ya kila faili kabla ya kuruhusu liguswe. Lebo isipolingana na ruhusa yako hupiti, hata uwe nani. Mganga mkuu aliwahi kukataliwa, akanuna wiki nzima, nasi tukapata cha kuchekea.

Jumatatu moja hatukucheka. Bi Lebo alisasisha mfumo wa maabara, na mlinzi akaukataa mfumo mpya katakata. Majibu yakakwama. Kumwandikia mlinzi kanuni mpya kungekula siku nzima, na kati ya waliosubiri alikuwamo dada mkubwa wa Bi Lebo, amekaa mbele ya dirisha langu, mkoba mapajani, midomo imemkauka.

Saa sita mganga mkuu akaja kumwambia Bi Lebo azime tu huyo mlinzi wake. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alitupa jicho kwenye benchi.

"Kwa muda tu," akasema, akazima.

Angeweza kumlegeza, awe anaonya bila kuzuia. Kwa haraka alimzima kabisa, na hapo ndipo alipojiponza, maana mafaili yote yaliyoandikwa tangu saa ile hayana lebo. Mlinzi akiwashwa leo ataifungia maabara nje, mpaka seva isimame kwa muda wa saa tano nzima, mafaili hayo yabandikwe lebo. Kila wiki Bi Lebo anaziomba saa hizo, kila wiki mganga mkuu anamwambia wiki ijayo. Huu ni mwezi wa nne, na mimi nimechoka kuisikia hiyo wiki ijayo.

Siku ile majibu ya dada yake yalitoka dakika kumi baada ya mlinzi kuzimwa. Bi Lebo hajanieleza yalisemaje. Alichonieleza, huku akilia waziwazi, ni walichoambiana siku ile.

"Mdogo wangu, hakuna mwingine atakayeona hii?"

"Hakuna, dada. Mlinzi wangu yupo."

Sikutaka kuamini kwamba mambo yameharibika kiasi hicho. Jana, kwenye kompyuta ya mapokezi, niliandika jina la dada yule, nikingojea kukataliwa kama zamani. Faili likafunguka. Nililifunga upesi, lakini nilikuwa nimeshasoma.