Walioingia Bila Hodi

Kizota ninakoishi siku hizi mgeni hapigi hodi, anapiga simu. Anasimama nje ya geti, anasema "nipo hapa nje," nami natoka na funguo kama askari wa zamu. Sijazoea, na sitaki kuzoea. Mwezi uliopita binti yangu, anayesoma chuo hapa Dodoma, alikuja na kazi aliyopewa darasani: aeleze kwa nini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe upande mmoja hushinda. Alikuwa ameshaandika silaha, fedha na marafiki wa nje. Akaniuliza kama nina la kuongeza, kwa adabu tu, kama mtu anavyomkaribisha chakula aliyeshiba. Nikamwambia ninalo, ila ni refu, na linaanzia Mpwapwa, barazani kwenye duka la babu yake.

Baba alikuwa akiuza vitambaa. Wazee wake walifika Mpwapwa na misafara, wakachoka kutembea, wakafungua duka. Ndivyo alivyopenda kusimulia, nasi tulimwachia. Chumba cha uani tulimpangisha kijana wa nchi ya ng'ambo ya ziwa, aliyekuja kusomea mifugo. Hata kabla hajamaliza mwaka wa kwanza mji mzima ulimwita Daktari, maana kwetu ukishamdunga ng'ombe sindano ukatoka salama, udaktari umeupata. Akiwa hapo vita vikazuka kwao. Mama yake alikuwa peke yake kijijini, na mdogo wake, ndugu yake wa pekee, akaingia jeshi la serikali. Daktari alimaliza masomo, akakosa njia ya kurudi, akabaki kwetu akitibu mbuzi wa watu na kusubiri.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakata vitambaa dukani huku nikingoja matokeo. Kila alasiri, baba akishasali, redio iliwekwa juu ya meza ya kupimia na vita vikaanza upya. Majeshi yalikuwa karanga. Baba alizipanga kwenye mkeka, huku serikali, kule waasi wa milimani, na jeshi lolote lililosogea karibu na magoti yake lililiwa. Naikumbuka saa ile kwa uchungu wa kupendeza. Sijapata tena kukaa na watu waliobishana kila siku na wakapendana kiasi kile.

Baba alishikilia kwamba anayeshika barabara ndiye anayeshinda. Mjukuu wa misafara angesema nini kingine? Daktari alitetea mizinga na ndege za serikali. Wale wa milimani, alisema, hata viatu hawana. Kumtetea mdogo wake kulikuwa ndani ya kila neno lake, na tulijua, ndiyo maana hatukumbana sana. Mama aliwahi kuuliza kutoka ndani ni nani anayewapikia hao wasio na viatu. Baba alimjibu kwa kuomba karanga nyingine, kwani zilikuwa zimekwisha.

Barua zilikuja kwa nadra, mkono kwa mkono, kutoka kwa wachuuzi waliovuka ziwa, kwa treni hadi stesheni ya Gulwe, kisha kwa basi hadi kwetu. Mama yake Daktari hakujua kuandika, jirani alimwandikia. Siku moja barua ikaja, Daktari akatusomea huku akitafsiri. Mama yake alisema askari wa upande wa mdogo wake hawapigi hodi siku hizi. Wanasukuma mlango, wanachukua mbuzi, wanachukua na vijana. Wale wa milimani wanasimama mbali, wanapiga hodi, wanaomba maji, na wakishakunywa wanarudisha kibuyu. Kwa hiyo yeye amejifunza: akisikia hodi anaitikia, mlango ukisukumwa kimya anatokea mlango wa nyuma na kujificha mgombani.

Baba alicheka. "Wanapiga hodi kwa sababu hawajashinda. Subiri washinde."

"Basi watashinda," mama alisema. "Mimi mwenyewe ningewaonyesha njia."

Daktari aliikunja barua, na tangu siku ile hakuitetea tena mizinga.

Ikawa kama mama alivyosema. Watu wa vijijini waliwalisha wale wa milimani, wakawaonyesha vivuko, wakawaficha majeruhi wao, na mwaka uliofuata redio ikatangaza kwamba mji mkuu umeanguka karibu bila risasi. Baba, asiyejua kushindwa, alisema si mnaona, walishika barabara. Mama alimjibu kwamba barabara huonyeshwa na watu. Daktari hakuwasikia. Alitaka kujua jambo moja tu: jeshi la serikali limekimbilia wapi.

Miezi ikapita bila jibu. Alikonda. Zamani alikuwa akigombania ugali wa uwele na mlenda, chakula cha Wagogo wenyeji wa kwetu, hadi tukamwita Mgogo wa ng'ambo. Sasa mama alimpakulia na sahani ikarudi ilivyokwenda. Niliogopa kumtania.

Barua ya pili aliisoma kwanza chumbani kwake, mlango umefungwa. Kisha akaja barazani akatusomea. Mdogo wake alikuwa ametoroka jeshini na kutembea siku nyingi hadi kwa mama yao. Washindi walikuwa wametanda njiani wakiwasaka waliokimbia, kwa hiyo hakuthubutu kupaza sauti. Alisukuma mlango. Mama yao akatokea mlango wa nyuma, akajificha mgombani. Kijana aliikuta nyumba tupu, akanywa maji, akarudisha kibuyu mahali pake, akaondoka. Kesho yake jirani aliyemwona akipita ndiye aliyemwambia mama ni nani aliyekuja. Walimkamata kivukoni, wakamuua.

Baba aliizima redio.

Wiki ile ile tulimsindikiza Daktari hadi Gulwe kupanda treni ya Kigoma. Nilikuwa nimebeba begi lake dogo, na jambo moja lilikuwa likinikera: pale barazani aliacha kusoma kabla karatasi haijaisha. Treni ilipoanza kuonekana nikamuuliza, kwa sauti ndogo ili baba asisikie, mama yake alisema nini mwishoni.

Alichukua begi mikononi mwangu.

"Amesema nikifika nipige hodi kwa nguvu, na nitaje jina langu," alisema. "Hata kama ni mchana na ananiona ninavyokuja."