Kompyuta Iliponyamaza Nyumbani Kwangu

Siku tatu nzima nilisimama mbele ya mlango nikimwombea mwanangu, na ndani ya chumba hakukuwa na mtu.

Soma mpaka mwisho, wewe mzazi. Mimi shule niliishia darasa la sita, kule Bujumbura, kwa hiyo mkiona makosa mnisamehe. Ila hili sikulisoma mahali. Limenikuta.

Mimi ni mama Valens. Nakaa Kanombe, nafanya usafi uwanja wa ndege, zamu ya asubuhi. Baba yake alifariki Valens ana miaka tisa. Tukabaki wawili tu.

Sasa ana ishirini na tatu. Alikuwa anapiga video za harusi, na kila alichopata kilienda kwenye kompyuta yake ya gemu. Siyo hizi za ofisini. Yake ni sanduku la kioo lenye taa za bluu, alilijenga kipande kwa kipande, miaka miwili. Akianza gemu zake nzito linapata moto kama pasi.

Likipata moto, feni zinalia. Vuuuu. Ukuta wetu mwembamba, nasikia mpaka jikoni.

Nilikuwa nalalamika, ndiyo. Lakini niwaambie ukweli, ile kelele ndiyo ilikuwa inaniambia mtoto yuko wapi. Ikipanda, anacheza. Ikishuka, amelala. Ikikata kabisa, ametoka, na mimi naanza kupiga simu.

Valens alijua. Alikuwa ananitania, "Mama, wewe unasikia ndege ikiwa bado iko Nairobi."

Mwezi wa pili akanifuata jikoni, mpole kweli. Akasema anataka nipumzike na ile kelele. Kuna kitu cha kupoza kompyuta kwa maji, kama rejeta ya gari. Maji yanazunguka kwenye mipira, yanabeba joto, feni hazina haja ya kukimbia.

"Ila wewe ndiye utachagua," akasema. "Masikio ni yako."

Nilifurahi jamani. Nilivaa kitenge cha misa kwenda dukani.

Muuzaji alikuwa dada mmoja wa Uganda, anaitwa Shallon. Akawasha ya kwanza, rejeta fupi, feni mbili. Nikakataa. Nikamwambia kuna kitu ndani kinalia kama nyuki kwenye chupa.

Shallon akanitazama. "Hiyo ni pampu ya maji. Wateja wengi hawaisikii." Akamgeukia Valens. "Huyu mama umemtoa wapi? Niachie hapa, nimpe kazi."

Tukacheka wote watatu.

Akaleta nyingine, rejeta ndefu, feni tatu. Akaeleza kwamba rejeta ikiwa kubwa feni zinazunguka polepole, na pampu ya hii imetulia, haitetemeshi sanduku. Nikainama mpaka sikio likagusa kioo.

Sikusikia kitu.

"Hii," nikasema.

Nilichagua mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha.

Rafiki yake Léonce akaja nyumbani kuifunga. Walipomaliza, Valens akanitoa nje ya chumba, akafunga mlango, akawa ananiuliza kutoka ndani, "Mama, sasa imewaka au imezima?"

Nikasema imezima. Kumbe imewaka.

Akaniuliza tena. Nikakosea. Akanipeleka jikoni, nikakosea. Mara ya nne akatoka chumbani, akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikamsukuma, nikamwambia, ewe, umri huo unakumbatia mama hivyo?

Léonce alikuwa anakunja nyaya. Hakucheka.

Wiki ya pili yake, siku ya Jumatano, Valens akaniambia ana mashindano ya gemu na watu wa nchi nyingine. Siku tatu mpaka nne. Atafunga mlango, nisigonge, ana mkate na maziwa ndani, kuoga ataoga nikiwa kazini. Nikiwa na neno nimwandikie WhatsApp.

Nikakubali. Mtoto mkubwa huyo.

Alhamisi nimerudi kazini, mlango umefungwa, taa ya bluu inaonekana chini ya mlango. Kimya. Nikasema moyoni, kile kitu kweli ni kizuri. Nikamwandikia, umekula? Akajibu, nimekula mama. Nikamwombea pale pale mlangoni, nikaenda kulala.

Ijumaa hivyo hivyo. Jumamosi nikasimama pale na rozari, nikasali kimyakimya nisimharibie mchezo. Jirani alipopita nikamwonyesha mlango, nikamnong'oneza, "Yuko ndani anapigana vita, na husikii hata nzi." Nikajisifu, mimi.

Jumapili nimetoka misa, saa nane, umeme wa mita ukaisha. Taa zote zikakatika.

Valens umeme ukikatika anapiga kelele mtaa mzima usikie. Kila mara. Nikasubiri anipigie kelele.

Hakuna.

Nikagonga. Nikagonga kwa ngumi. Jirani akaja na nyundo, tukavunja kitasa. Kitanda kimetandikwa. Mkate uko kwenye mfuko wake, haujafunguliwa.

Nikamwandikia. Tiki moja tu.

Nilimfuata Léonce mpaka kwao Kabuga, na kitenge changu cha misa. Alikuwa anafua viatu nje. Aliponiona akakaa chini kwenye mawe.

"Léonce, umekula ugali wangu tangu una miaka kumi. Mwanangu yuko wapi?"

Akasema Valens amepata kazi Asia. Kupima gemu. Watu aliocheza nao mtandaoni ndio walimtafutia, wakamlipia tiketi, wakamwambia asiseme kwa mtu. Uwanja wa hapa hakuutaka kwa sababu mimi nipo pale kila siku, kila askari ananijua. Alipanda basi Alhamisi asubuhi, akavukia mpakani Rusumo, akaenda mpaka Dar es Salaam. Ijumaa jioni akafika. Akalala gesti ya pale stendi siku mbili akisubiri ndege.

"Ndege ya saa ngapi?"

"Ya leo, mama. Saa saba."

Dar es Salaam anakaa wifi yangu Febronia, Mbezi, karibu na stendi ya mabasi. Nilipompigia akasema, "Wifi, siku mbili yuko hapa jirani na kwangu na hukuniambia? Ningemkalia mlangoni na watoto wote."

Nikamuuliza Léonce neno la mwisho. Je, ile kompyuta, feni za zamani zilikuwa zimeharibika?

Akatikisa kichwa. "Hazikuwa na shida. Alisema, nataka kitu ambacho mama hataweza kujua kama niko au siko."

Alinipeleka dukani nikamchagulie mwenyewe. Kisha akanipima mara nne, ahakikishe.

Siku ya kumi na moja ikaingia simu, namba ya nje. Alisema haraka haraka, "Mama, wamechukua paspoti. Kazi siyo ile. Mama, usi..." Ikakatika.

Sasa ni miezi saba.

Nimeripoti polisi. Waliniandikia vizuri, waliniheshimu, wakasema wanafuatilia. Namba ile haiiti. Watu wa kanisani wananiambia atarudi, nawaitikia. Siyo kwamba naamini. Ni kwamba nao wanataka kwenda makwao.

Sasa sikia, mama mwenzangu. Mtoto akianza kukuondolea kero uliyoizoea miaka yote, usikimbilie kushukuru. Keti naye, muulize anapanga nini. Na wewe kijana, kazi inayokuambia usimwambie mama yako, hiyo siyo kazi.

Akisema usigonge, gonga. Atanuna. Afadhali anayenuna na yupo.