Posa ya Joka

Kitabu cha sita, ambacho ndicho cha mwisho, kilimalizika mara mbili. Mara ya kwanza nilikimaliza mimi, mara ya pili alikimaliza mama yangu.

Natunga hadithi za mapenzi zinazosomwa kwenye simu. Mfululizo huu ulihusu madereva bodaboda wa Same ambao wakipandwa na hasira hugeuka majoka yenye mabawa. Najua wapo wanaocheka. Wacheke, mradi wanasoma. Mambo ya pikipiki nilimuuliza baba wa mtoto wangu, ambaye ni dereva wa kweli, naye alinisahihisha bila huruma. Alisema hata joka haliwezi kupanda mlima wa Vudee na cheni iliyolegea.

Yeye alitoka Singida akiwa kijana, akaja kukata mkonge huku tambarare. Wazazi wake walishafariki, ndugu wametawanyika. Tulianza kuishi pamoja bila posa, tukisema mwaka ujao tutakwenda kwa wazee. Ikapita miaka minane. Muda wote huo mama hakukanyaga nyumbani kwangu. Hakugomba. Ndizi na maharage alinitumia kwa basi. Nilipojifungua alinipandisha Mhezi, kijijini kwake milimani, akaniuguza huko siku arobaini, kisha akanisindikiza hadi kwenye gari na kurudi zake. Iliniuma sana, na kwa ukaidi wangu sikumwambia.

Katika mwisho wangu wa kwanza, joka linamnyakua msichana kwenye paa la baba yake na kuruka naye hadi Hedaru. Niliupenda mno. Mchana mmoja nilipokwenda Mhezi nikamsomea mama akiwa uani kwake anachambua maharage. Aliacha kuchambua.

"Baba yake anajua?"

"Mama, hilo ni joka."

"Nimesikia. Nani kaleta posa?"

"Halina ndugu. Wote waliisha kitabu cha pili."

"Basi liwaombe majirani. Asiye na wazee huazima. Waje watu wazima wawili, wakae, waseme shida yao. Nani atawafukuza?"

Alisema hivyo akiangalia ungo.

Niliporudi Same niliandika upya. Washenga wawili wakaingia sebuleni, joka likasubiri nje limekunja mkia migombani. Msichana akaitwa, akaulizwa lile swali la siku zote, kama anawafahamu wageni. Nikampa jibu la ukurasa mzima, limejaa mapenzi na moto.

Baba wa mtoto alilisoma lote, na safari hii hakusema neno kuhusu cheni.

"Hili la kuazima wazee umelitunga wewe?"

"La mama."

Akalisoma tena. Asubuhi iliyofuata, kabla hajaenda kijiweni, alipitia kwa jirani yetu, mzee wa kanisa.

Jumamosi moja walipanda Mhezi: yule jirani, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, na yeye mwenyewe nyuma yao, shati limepigwa pasi hadi linasimama. Mimi nilikuwa nimetangulia. Niliwasikia kutoka jikoni wakimwamkia mama shikamoo, nikasikia marahaba yake. Nilikuwa na mtoto anayesoma darasa la kwanza, na bado niliogopa wasije wakakataliwa.

Mwishowe niliitwa. Mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa akiwapokea kwa niaba ya familia, akaniuliza kama nawafahamu wageni hawa.

Ukurasa mzima ulinipotea. Nilisema, "Nawafahamu," nikaanza kulia mbele ya watu.

"Kwenye kitabu uliongea sana," mama akasema.

Wiki iliyofuata aliteremka Same na mkungu wa ndizi. Mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa nimesimama hapohapo tunatazamana. Alitua mzigo, akajifunga khanga vizuri, akapiga hodi.