Koti la Mwalimu Siku ya Mhadhara

Asubuhi Mama huwa yupo. Hilo nililieleza kwenye kamati ya mhadhara mpaka wenzangu wakanichoka: asubuhi anawajua wanafunzi wake kwa majina, anauliza habari za kwetu Handeni, anasahihisha Kiswahili cha mtangazaji wa redio. Jua likishapanda anaanza kuondoka kidogo kidogo, na ikifika alasiri anamuulizia marehemu mumewe kana kwamba ametoka tu kwenda dukani. Kwa hiyo nikaomba mhadhara uanze saa tatu na usisogezwe.

Mihadhara hii chuo kikuu kiliianzisha kuwaenzi yeye na mumewe, wanasosholojia wawili walionifundisha mimi na nusu ya walimu wenzangu. Mama, tunavyomwita sisi wanafunzi wake, ni Msambaa wa Vugiri. Mumewe, ambaye sote tulimwita Mwalimu, alikuwa Mnyamwezi aliyezaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge upande wa Mazinde, ambako wazazi wake walifuata kazi. Maisha yao yote waliandika juu ya watu wa makambi hayo, hasa utani wao, jinsi makabila yaliyokutanishwa na mkonge yalivyozikana kwa matusi na vicheko. Mwaka huu, kwa kuwa Mama hawezi tena safari ndefu, mhadhara uliletwa Korogwe, na mzungumzaji nikawa mimi. Sikutaka cheti wala picha. Nilitaka anisikie nikimshukuru akiwa na akili zake, kwa sababu nilijua mwakani hatakuwa nazo.

Saa tatu ukumbi ulikuwa umejaa. Mama amekaa mbele na kitenge kipya, mpwa wake anayemtunza pembeni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Leo usitutie aibu. Mzigua akipewa kipaza sauti haachii."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Alikuwepo kabisa.

Ila mgeni rasmi hakuwepo. Na nchi hii, bila mgeni rasmi, hata ukumbi ukishika moto tutamsubiri aje aruhusu watu watoke. Mshereheshaji akatangaza kwamba yuko Handeni kwenye kikao, anamalizia. Baadaye ameshatoka. Baadaye yuko njiani, tuvumilie, itifaki izingatiwe. Wanafunzi wakaimba, wakarudia kuimba. Nikamfuata mshereheshaji nyuma ya jukwaa, nikamsihi niruhusiwe kuanza, mgeni atanikuta.

"Ndugu yangu, unataka niitwe ofisini kujieleza?"

Nikamwambia Mama anatupotea pale tunamwona.

"Basi tutampelekea maji," akasema.

Nilitamani kumkaba. Nikarudi nikakaa karibu na Mama, sina la kufanya ila kumtazama anavyoondoka. Kwanza aliacha kunijibu haraka. Halafu akawa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge. Mwishowe akanigeukia, kwa ile adabu anayowapa wageni, akauliza, "Samahani, wewe ni mwenyeji wa wapi?" Nikamwambia Handeni, Mama. Akasema ni pazuri.

Mgeni rasmi aliingia mchana, tukasimama, akakaa, tukakaa, akatambulishwa, akatambulisha aliokuja nao. Ndipo nikaitwa jukwaani. Nilisoma ukurasa wa kwanza macho yangu yakiwa kwa Mama, na Mama macho yake yakiwa kwenye picha ya mumewe iliyozungushiwa maua. Kisha akamuuliza mpwa wake, kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma, "Yule mbona haji kukaa?"

Hapo nikaziacha karatasi. Mezani, pamoja na vitabu vyao, kamati ilikuwa imetandaza koti la Mwalimu, lile la kahawia alilokuwa akifundishia. Nikalichukua nikalivaa. Mimi Mzigua, yeye Mnyamwezi, ni watani, na mtani ana ruhusa hiyo: msibani huvaa nguo ya marehemu, akaiga mwendo wake, akamtukana mpaka wafiwa wacheke. Siku tunamzika Mwalimu kule Mazinde nililivaa hilohilo, na Mama, katikati ya kilio, alicheka. Sikuwa na dawa nyingine.

Nikakohoa kama yeye, nikatembea nimeshusha bega moja. "Mnyamwezi huyu," nikasema, "baba yake aliletwa huku kukata mkonge. Yeye akachomwa na mwiba mmoja, akakimbilia chuo kikuu! Na mahari aliyotoa kule Vugiri akairudisha yote tumboni, kwa ugali wa wakwe!"

Mgeni rasmi akamtazama mshereheshaji. Kisha kikasikika kicheko cha Mama, kile kikubwa cha darasani.

"Mwongo wewe Mzigua!" akapaza sauti. "Mwiba hakuuogopa hata siku moja. Alimwogopa nyapara!"

Amerudi! Nikashuka jukwaani mbiombio, nikapiga magoti mbele yake, nikaanza kumwaga yote niliyokuja nayo, Mama asante, Mama bila ninyi mimi ningekuwa wapi. Alikuwa ananipapasa mkono wa koti huku bado anacheka. Akafika kwenye kishikizo, akakishika. Kicheko kikamwisha.

Mambo haya aliyaandika yeye mwenyewe, kurasa kwa kurasa. Alijua mtani huvaa nguo ya mtu wakati gani.

"Amekufa," akasema.

Nikaushika mkono wake.

"Amekufa, na hakuna aliyeniita nikamzike."

"Ulikuwepo Mama. Ulimtupia udongo kwa mkono wako. Mimi ndiye niliyekushika."

Akanitazama usoni, ametulia, na akili zake zote nilizozililia tangu asubuhi.

"Hapana," akasema. "Hilo ningelikumbuka."