Kwenda Nkoma Kuirudisha Taa ya Bibi

Niliondoka Lamadi kwa sababu ya maneno ambayo Mama Limi hakuyamalizia. Mama huyu ni mtu wa Nkoma, anakuja kununua dagaa dukani kwa shangazi, pale ninapouza mimi. Alikuwa anafunga gunia lake, hata hakuniangalia.

"Taa ya bibi yako imekufa," akasema. "Karudi kwenye koroboi. Macho yamekuwa mekundu tena."

"Mekundu kiasi gani?"

"Nenda ukaone mwenyewe. Masunga, jirani yake, kafiwa na ng'ombe wawili. Basi watu wanakaa, wanaongea."

Mtu wa kwetu akisikia hivyo hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa wengine nasema tu kwamba huku, mama mzee akiishi peke yake, macho yake yakawa mekundu, halafu jirani akapata msiba, jina lake linaanza kutajwa kwa uchawi. Kuna waliotajwa ikaisha. Kuna ambao haikuishia hapo.

Macho ya bibi yangu ni mekundu kwa moshi. Maisha yake yote amepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, jikoni kusiko na dirisha, koroboi ikimfukizia moshi puani. Yale makampuni binafsi yalipoanza kugombea pamba ya wakulima, baba aliuza vizuri, akamnunulia bibi sola: paneli, betri, kisanduku cha kontrola na taa. Taa moja ilitundikwa nje barazani, na bibi akawa anapikia nje, hewani. Macho yakapona kabisa. Baba akaenda zake machimboni akiwa na amani. Sasa taa haipo, nje giza, fisi wanapita, bibi karudi jikoni kwenye moshi.

Shangazi alisema nisubiri mwisho wa wiki. Mimi sijui kusubiri. Kesho yake nilipanda basi la kwanza.

Bariadi nilifika jua limeshapanda. Mji umebadilika sana tangu nilipomaliza fomu foo. Kila mlango duka, kila duka lina redio inayopiga kelele, na simu za mkononi zimewekwa kwenye vioo kama dhahabu. Nilienda moja kwa moja kwa Mzee Hamisi, mtu wa Kigoma anayeuza spea za baiskeli na vifaa vya sola vinavyoingia kupitia mpaka wa Sirari. Baba alinunua kwake.

"Shikamoo mzee. Betri ya bibi imekufa. Nataka kujua kwa nini."

"Marahaba. Betri iko Nkoma, wewe uko hapa, ugonjwa wake niutaje mimi? Kaa kwanza."

"Sina muda wa kukaa, mzee."

"Basi nunua betri mpya, mimi nifurahi, na hiyo nayo utaiua."

Nikakaa. Akaniletea chai nisiyoitaka, akaanza kuuliza. Wanachaji nini? Wanajaza maji gani? Paneli nani anaifuta? Mengi sikuwa na jibu lake. Nilikuwa nawaza huyu mzee anauliza habari za kufuta vumbi na mimi nina bibi wa kuokoa. Lakini nilikuwa nayaandika maneno yake, na nayaweka hapa kwa sababu wengi nyumbani mna sola sasa.

Alisema betri ya maji haipendi kukaushwa umeme. Ukiitumia mpaka taa inafifia, kila siku, inachoka moja kwa moja, na hata jua la mwezi mzima halitairudisha kama zamani. Ukiongeza maji, ongeza maji ya betri yanayouzwa kwenye chupa, yafunike bati za ndani tu, na usiongeze asidi hata siku moja. Maji ya kisima au ya lambo yana chumvi na udongo, yanaila ndani. Vichwa vya betri vikiota ukungu mweupe, fungua nyaya kwanza, osha kwa maji ya moto, kausha, kaza, paka grisi. Paneli ifutwe asubuhi kabla haijapata moto, kwa maji na kitambaa laini, wala usikwangue kwa mchanga kama sufuria.

"Na koroboi isikae karibu na betri," akamaliza. "Betri ikichaji inatoa hewa inayoshika moto. Ikae juu ya ubao, mahali penye upepo, mbali na watoto. Umeandika?"

"Nimeandika. Naweza kwenda?"

"Nenda, mwanangu. Una haraka kama mtu aliyeacha uji jikoni."

Mchana nilipata lori tupu la kampuni ya pamba linaloelekea Nkoma kubeba mzigo. Dereva alinikalisha mbele. Nilikuwa nimepakata chupa ya maji ya betri na kopo la grisi.

"Hiyo dawa ya nani unaikumbatia hivyo?" akauliza.

"Ya betri."

"Mimi mke wangu hajawahi kunishika hivyo."

Sikucheka. Tukaenda, mashamba ya pamba huku na huku, vumbi linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Akauliza nakwenda kwa nani. Nikataja jina la bibi, kisha nikaangalia uso wake. Ndivyo hofu inavyofanya, unakaa kusoma uso wa mtu usiyemjua. Alibadilisha gia kwanza.

"Yule wa sola?"

"Ndiyo, wa sola."

"Nilishachaji simu pale. Bibi ana matani yule. Lakini siku hizi naona pako kimya."

Nilitamani aongeze neno, nikaogopa pia asije akaongeza.

Nkoma tulifika jua linaelekea kulala. Zamani saa kama hiyo ua wa bibi ulikuwa umejaa: mwenye simu, mwenye kabetri ka pikipiki ka kuwashia redio, wazee waliokuja kusikiliza taarifa tu. Nilikuta kuku peke yao. Bibi alitoka jikoni akijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Mke mwenzangu, umekuja kuninyang'anya mume?" akasema. "Umechelewa, alishakufa."

Nilipiga goti kusalimia, nikainua macho. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko nilivyofikiri, machozi yanachuruzika yenyewe. Alijua ninaangalia nini. Akanigeuzia mgongo, akaniuliza habari za dagaa.

Kabla giza halijaingia nilishapanda juu ya bati. Mmea wa vibuyu ulikuwa umepanda ukutani mpaka ukalalia kona ya paneli, na Mzee Hamisi alikuwa amenionya kwamba hata kivuli kidogo kinaweza kunyima paneli nzima nguvu. Palipobaki pamejaa vumbi la malori na mavi ya kuku. Chini, ndani ya nyumba, betri ilikuwa imekaa kwenye udongo, vichwa vyeupe kama vimeota uyoga, vimepakwa samli.

"Samli ya nini, bibi?"

"Tuliambiwa vipakwe mafuta. Panya wanashukuru."

Na lile lililoniuma zaidi: nyaya zilikuwa zimetolewa kwenye kontrola, zimeungwa moja kwa moja kwenye betri. Kisanduku kinaning'inia ukutani bure.

"Nani kafanya hivi?"

"Masunga. Usimlaumu, nilimwomba mimi. Kile kisanduku kilikuwa kinawakatalia wageni. Mtu katoka mbali na simu yake, kinawasha taa nyekundu, kinagoma. Mimi nimwambie nini mgeni? Moto hanyimwi mtu. Hata ukiwa umegombana naye, akija kuomba kaa la moto unampa. Kisanduku hakijui hilo."

"Bibi, kile kilikuwa kinailinda betri. Kinakataa kwa sababu ndani hakuna kitu. Mmeichuja mpaka ikafa. Kuanzia sasa mtu asichaji kitu hapa. Taa ni yako."

Akakaa kwenye kigoda.

"Tangu taa izimike, unajua nani kaja hapa? Hakuna. Wakija wananiona napika, nakohoa, natukana kuku wangu. Wasiponiona, wanaambiwa mimi ni nani."

Nilikuwa nimepanga kumwambia aje Lamadi akae na sisi. Nikamwambia hata hivyo.

"Nikiondoka sasa watasema nimekimbia," akasema. "Halafu vifo vya ng'ombe wa Masunga vitakuwa vyangu kweli."

Asubuhi nilianza kazi kabla ya uji. Nilikata ule mmea, nikafuta paneli, nikaitoa betri nje na kuiweka juu ya ubao. Bibi alikuwa anachemsha maji ya kuoshea vichwa vyake. Nilipoinua uso nikamwona mwanaume amesimama nje ya uzio wa minyaa, mikono nyuma. Masunga. Hakuingia, hakusalimia. Kwetu mtu hapiti uani kwa mtu bila salamu, na salamu yenyewe ni ndefu, mpaka uulizwe wewe ni mtoto wa nani. Yeye alisimama tu. Nikaishika spana kwa mikono miwili.

"Masunga," bibi akaita kutoka jikoni, "umekuwa mti wa uzio? Mwangaluka."

"Mwangaluka, mayu," akajibu mwishowe, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Habari ya kwako?"

"Si nzuri. Nasikia mtoto wa Lamadi kaja kutengeneza. Nyaya zile niliunga mimi."

"Nimeziona," nikasema. Nilikuwa na maneno mengi makali. Bibi aliniwahi.

"Basi aliyeunga aje aungue. Moto umekufa huku na kifua changu hakina pumzi. Njoo upulize, huyu mke mwenzangu anataka maji ya moto, na ukimchelewesha atapasuka."

Nilitaka kusema nitapuliza mimi. Jicho alilonitupia bibi lilinifunga mdomo. Masunga aliangalia mlango wa jikoni, akaangalia njia aliyojia. Kisha akainama, akaingia.

Tulimsikia anapuliza. Kinyesi kilikuwa na unyevu, moshi ukawa unatoka mlangoni mzito, wa njano. Anapuliza, anakohoa, anapuliza tena. Bibi alikuwa ametoka, amekaa kwenye kigoda chake, anachambua mchicha. Nilimsogelea nikamnong'oneza, "Bibi, atatoka na hasira."

"Chambua mchicha."

Masunga alitoka na sufuria ya maji ya moto, amekunja sura, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Akaiweka chini mbele ya betri. Akajipangusa kwa mkono, akazidisha. Macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili. Bibi aliacha mchicha, akamtazama usoni, naye akamtazama bibi.

"Moshi huu, mayu," akasema.

"Huohuo."

Akakaa chini kwenye vumbi. Alikaa na mikono juu ya magoti, kama mtu aliyetoka mbali. Baadaye akaniuliza, kwa sauti ndogo, naanza na waya upi.

Tuliosha vichwa vya betri pamoja, tukakausha, tukakaza, tukapaka grisi mahali pa samli. Ndani maji yalikuwa yamekauka na yale ya lambo waliyokuwa wakijaza yameacha tope. Tukajaza ya chupa mpaka yakafunika bati. Tukairudisha betri ndani juu ya ubao, karibu na dirisha. Tukaunga nyaya kwenye kontrola: ya betri kwanza, kisha ya paneli, mwisho ya taa. Taa nyekundu ikawaka. Masunga alitaka kuwasha taa ya barazani ajaribu, nikamkataza. Betri iliyokaushwa inaachwa inywe jua kwanza, hata siku nzima, hata mbili, bila kuguswa. Mimi nisiyejua kusubiri ndiye nilikaa pale namfundisha mwanaume mzima kusubiri, huku nachungulia kile kisanduku kila mara.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, taa ya kisanduku ikageuka kijani. Sikuruka wala nini, niliegemea ukuta tu. Jioni taa ya barazani ikawaka, bibi akatoa mafiga yake nje.

Haikuwaka kama zamani. Betri hii imeshaumia, na ikifika masika, mawingu yakiwa mengi, sijui itahimili vipi. Kuhusu wageni tulielewana hivi: watachaji mchana tu, wakati kisanduku ni cha kijani na jua linatoa zaidi ya betri inavyohitaji. Jua likianza kushuka, kuchaji basi, kinachobaki ni cha taa. Kikiwaka chekundu hakuna anayechaji, hata awe mtemi. Bibi alikubali kwa sharti kwamba anayekataliwa apewe angalau uji.

Siku ya kurudi, lori lilinikuta barabarani na kamfuko kangu. Watu walishaanza kurudi uani na simu zao. Masunga alikuwa juu ya bati na kitambaa, anafuta paneli. Bibi kashika ngazi kwa chini, anamfokea kwamba anafuta kama anayebembeleza mtoto, na yeye anajibu, "Mayu, shika ngazi, maneno baadaye." Nilisimama nikiangalia ile mikono ya bibi kwenye ngazi mpaka dereva akapiga honi.

Sasa niko Lamadi. Mwenye sola nyumbani nimeshamweleza ya maji, ya vumbi na ya kisanduku. Afanye, asingoje taa ififie. Mimi nilikwenda nikidhani nitaokoa taa kwa kuwafungia watu mlango, na kama bibi angenisikiliza, leo angekuwa na taa nzuri na ua mtupu. Hofu haijaisha. Mama Limi akija kuchukua dagaa, simuulizi kwanza kama taa inawaka. Namuuliza nani alikuwa amekaa pale uani.