Zamu ya Samaki

Nilianza kuwaonea wivu samaki siku walipopewa zamu ya maji, zamu ambayo mimi nilikuwa nimeiomba miaka nenda miaka rudi.

Huku kwetu Akheri, kwenye mteremko wa Meru, mtu anahesabika kwa zamu yake. Mto unashuka kutoka msituni, na juu kidogo ya mashamba yetu kuna mahali tulipoupangia mawe na magogo ya migomba ili maji yageuke yaingie kwenye mfereji. Tunapaita mdomoni. Kutoka hapo mfereji unapita shamba hadi shamba, na kila nyumba ina siku yake. Siku yako ikifika unafungua njia ya kwako, unamwagilia mpaka jua linazama, na hakuna wa kukuuliza. Siku ya nyumba yetu ilikuwa Jumanne. Mume wangu aliirithi kwa baba yake. Alipofariki, kaka yake, jirani yangu wa upande wa juu, akaichukua kwa niaba ya familia. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, yakibaki nitapata.

Hayakuwahi kubaki. Shemeji ana nyanya, ana hoho, ana kabichi, ana migomba ambayo hata mvua ikinyesha yeye anaimwagilia tena kwa usalama. Mimi nilikuwa nasimama mpakani na jembe langu nikisubiri, na jua likianza kuzama yananifikia matope. Nikilalamika ananiambia, "Shemeji, si unaona mwenyewe maji yalivyopungua?" Kuona nilikuwa naona. Nilikuwa naona kabichi zake.

Kila mwaka nilikwenda kwenye kikao cha mfereji kuomba Jumanne yetu irudi nyumbani kwangu, hata nusu yake. Niliomba kwa adabu zote. Nilianza na shikamoo na nikamaliza na asante. Wazee walitikisa vichwa kwa huruma, wakasema hilo ni jambo la ukoo, likaanzie kwenye ukoo. Na kwenye ukoo, mkubwa ni shemeji.

Basi kikaja kile kiangazi kikali. Tuliyageuza maji yote, hatukuacha hata ya ndege kunywa, na chini ya mdomoni mto ukakatika, yakabaki madimbwi. Visamaki vikajazana humo, vile vidogo vyenye mgongo wa kijivu, na kambale wachache kati yao. Madimbwi yalipokauka vikafa vyote. Harufu ilifika mpaka kanisani. Watu wa chini, kule kuelekea Usa River, wakalalamika kwamba ng'ombe wao wanalamba mawe, na ndipo afisa wa maji akatujia na pikipiki yake na kuomba kikao.

Kijana yule aliongea vizuri. Alisema mto una haki ya maji yake wenyewe, na kwamba samaki wakifa leo, kesho mbu watajaa kwenye madimbwi kwa kukosa wa kuwala, na keshokutwa mto utabaki korongo la kutupia taka. Alitaka tuache maji kidogo yapite kila siku. Mwenyekiti wetu wa mfereji, mzee mmoja wa sauti ya chini ambaye hajawahi kumkatiza mtu maneno, alimsubiri amalize, akamjibu, "Mwanangu, kidogo hakionekani, na kisichoonekana huku kwetu kinaibiwa. Ukitaka kitu kiheshimiwe, kipe siku yake." Wakaafikiana kwamba jiwe litawekwa mdomoni ili maji kidogo yasikose kupita, na zaidi ya hapo mto upewe Jumamosi, mchana kutwa, siku ambayo wengi wetu tuko soko la Tengeru. Siku hiyo mfereji utazibwa na maji yote yatashuka kwa samaki.

Makofi yakapigwa. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, na makofi yale yaliniingia kama sindano. Kikao kimoja tu! Samaki hawakuja, hawakuomba, hawakumwamkia mzee yeyote, na wametoka na Jumamosi nzima. Hakuna aliyewaambia likaanzie kwenye ukoo. Na samaki wenyewe ndio hawa ambao babu zetu hawakuwala, waliwaita nyoka wa maji, na mpaka leo ukimkaribisha mama mkwe wangu samaki anaomba maharage. Nilirudi nyumbani nikapika ugali, nikaunguza.

Sasa, kwetu zamu ina wajibu wake. Kabla ya kiangazi tunasafisha mfereji kwa pamoja, na kila mwenye zamu lazima aje na jembe au atume mtu. Asiyeonekana anapoteza siku yake. Miaka yote mtu wa kuchimba kwa ajili ya Jumanne nilikuwa mimi. Shemeji alikuwa na mgongo. Mgongo huo ulimuuma siku ya kuchimba tu.

Mwaka uliofuata tulipokusanyika kusafisha, mmoja akauliza kwa utani, "Jamani, na mto umemtuma nani?" Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Mpeni huyu mama. Si hana zamu? Jumamosi atakuwa na kazi gani?" Wakacheka zaidi. Roho iliniuma mpaka nikahisi masikio yanawaka. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Aliniuliza kama ningekubali kuchimba kwa niaba ya mto, kuuzibia mfereji siku yake, na kuusemea kikaoni ukiwa na shida.

Nilikubali kwa hasira. Nataka ieleweke hivyo, kwa sababu siku hizi wageni wakija kuutazama mto wetu wananisifu kwamba nina moyo wa kupenda mazingira. Sikuwapenda samaki. Nilitaka kuitwa kwa zamu, hata kama ni ya kuazima, na nilitaka shemeji atafute mtu mwingine wa kumchimbia Jumanne. Alichimba mwenyewe. Mgongo haukusema kitu.

Ikawa kila Jumamosi asubuhi, wenzangu wakibeba matenga kwenda Tengeru, mimi napanda mdomoni. Naweka gogo la mgomba, nakandika udongo, narundika majani, mpaka mfereji unanyamaza na mto unaanza kusema. Kisha nashuka nakaa juu ya jiwe kando ya bwawa dogo lililo chini yake, nikilinda. Visamaki vilikuwa vimerudi. Sijui vilitoka wapi, labda vilijificha chini ya mizizi ya mikuyu kule juu. Maji yakiongezeka vinatoka vivulini na kuanza kuzunguka, vinene, vya kujiamini, kama wenye nyumba.

Niliwatazama kwa kijicho, sifichi. Hawainami. Hawakamati jembe. Maji yanawafuata walipo, nao wanafungua midomo tu. Na kutoka pale nilipokaa shamba langu lilionekana vizuri, maharage yangu yakiwa kwenye maua, wakati ule ule ambao maharage hayakubali kunyimwa maji, na majani yake yamejikunja kwa kiu. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Niliwaambia hivyo hivyo kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunisikia. "Kunyweni," niliwaambia. "Mmezaliwa na bahati."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: bwawa lilipendeza. Walirudi kerengende, akarudi na yule ndege mdogo wa bluu anayejirusha majini. Wanawake wa chini walianza tena kuchota pale bila kuzoa matope. Niliyaona yote hayo, na wivu wangu haukupungua hata kidogo. Pengine uliongezeka, maana nilikuwa naona kwa macho yangu kitu kinachofanywa na maji pale yanapofika.

Jumamosi moja, mchana wa jua kali, bwawa likaanza kushuka. Nilidhani macho yananidanganya. Nikaangalia jiwe langu, alama ya maji ilikuwa imebaki juu na maji yako chini. Visamaki vilianza kusogea katikati vikibanana. Nikachukua jembe nikapanda mbio.

Shemeji alikuwa amesimama mdomoni, suruali imekunjwa hadi magotini. Gogo la mgomba lilikuwa limetupwa pembeni na mfereji unakwenda kwa furaha zote kuelekea kwenye nyanya zake.

"Shemeji," nikasema, "leo ni Jumamosi."

"Najua siku," akasema. "Nyanya zinakufa. Wewe unalinda nini hapa? Hao samaki ni wa baba yako?"

Nilikuwa nahema. Aliniangalia, akaangalia chini kwenye shamba langu, halafu akalegeza sauti. Nilimfahamu mume wangu, kwa hiyo naijua sauti ile. Walikuwa nayo wote wawili wanapotaka jambo.

"Sikiliza," akasema. "Maharage yako yako kwenye maua, nimeyaona. Tufanye hivi. Mimi nachukua mpaka saa tisa, kisha naachia yote kwako mpaka jioni. Watu wako sokoni. Wewe unyamaze, mimi ninyamaze. Nani atajua?"

Naomba nisihukumiwe haraka kwa kunyamaza kwangu, maana nilinyamaza muda mrefu. Maji yalikuwa yanapita miguuni pangu, masafi, ya baridi, mengi kuliko niliyowahi kupata tangu nifiwe. Niliyaona tayari yakiingia kwenye matuta yangu. Niliona maganda ya maharage yakijaa. Na wale wa kuyakosa walikuwa ni nani? Visamaki vya kidole kimoja ambavyo nilikuwa nimevitukana asubuhi nzima.

Kilichonirudisha hakikuwa huruma. Ilikuwa ni hesabu ya roho. Miaka yote mtu huyu hakuwa na maji ya kunipa, na leo anayo.

"Shemeji," nikamwambia, "Jumanne, siku ya mume wangu, hukuwahi kubakiza hata ndoo. Leo unanigawia kwa mkono wazi, kwa sababu si yako. Unanipa ya samaki."

"Yangu, ya samaki, maji ni maji."

"Kama maji ni maji, nipe ya Jumanne."

Nikaingia mferejini na nguo zangu, nikaburuta gogo, nikaanza kukandika udongo kwa mikono kwa sababu jembe lilikuwa linanichelewesha. Hakunisaidia na hakunizuia. Alisema tu kwamba nimechanganyikiwa, kwamba kaka yake angekuwepo angeona aibu, akaondoka. Niliendelea kukandika mpaka mfereji ukanyamaza.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa mwenyekiti, na kikao kikaitwa. Shemeji hakukataa. Alisema nyanya zilikuwa zinakufa, na kwamba hakuna mtu aliyeumia. Lakini sheria ya mfereji ni ya zamani kuliko sisi sote: anayeiba zamu anapoteza yake inayofuata, na inakwenda kwa aliyeibiwa. Wazee walitazamana. Aliyeibiwa ni mto.

"Basi upeni mto," akasema shemeji haraka, na akacheka. "Jumanne hii samaki wanywe na yangu pia."

Niliuelewa ule mcheko. Alikuwa radhi Jumanne ya mume wangu ipite mbele ya maharage yangu iende kwa samaki, kuliko iingie shambani kwangu. Na mimi ndiye ningetumwa kuziba mfereji ili ipite. Nikawaza kwa wivu kwamba wale visamaki sasa watakuwa na siku mbili na mimi sina hata moja.

Ndipo mwenyekiti akageuka kwangu na kuuliza swali ambalo kwa desturi huulizwa kila aliyeibiwa, kama anaipokea zamu ile, au anasamehe, au anampa mwingine.

"Mto unasemaje?"

Nilisimama. Mara nyingi nilisimama pale kuomba, na kila mara nilianza na shikamoo. Siku hiyo sikuanza nayo.

"Mto unashukuru," nikasema. "Unasema una Jumamosi yake, na ikiheshimiwa inautosha. Hii Jumanne unampa mjane wa marehemu."

Kicheko kikaanzia benchi la nyuma. Shemeji alinyanyuka. "Mto umesema lini? Nani amesikia?"

"Tulimweka yeye ausemee," akasema mwenyekiti kwa sauti yake ile ya chini. "Amesema. Tufunge kwa sala."

Jumanne asubuhi nilifungua njia ya kwangu mwenyewe. Maji yalikuja yakisukuma majani makavu mbele yake, yakaingia tuta la kwanza, udongo ukawa mweusi. Nilimwagilia mpaka jua likazama. Sikuharakisha, na hakuna mtu aliyeniuliza. Upande wa juu shemeji alikuwa amesimama mpakani, na jembe lake, akisubiri yakibaki.

Ilikuwa ni zamu moja tu. Jumanne ya pili ilirudi kwake, nami nikarudi kwenye matope yangu na maombi yangu ya kila mwaka. Jumamosi nilipanda mdomoni kama kawaida, nikaziba mfereji, nikashuka kukaa kwenye jiwe. Visamaki vikatoka vivulini, vinene, vya kujiamini, vikafungua midomo. Wao wanayo kila wiki. Mimi niliipata mara moja, na ilibidi niiombe kwa jina lao.

Bado nawaonea wivu. Lakini shemeji akikanyaga pale tena siku ya Jumamosi, atanikuta.